"Adage" kwa Kiswahili ni nini? Wahenga wamenikana mbele za watu hapa Busia

Mkalimani wa Mpakani

Wakuu, habari za jioni.

Mimi hutafsiri kwenye mikutano hapa Busia, upande wa Uganda. Anayeijua Busia anajua hali ilivyo: kikao kimoja kina Msamia, Mteso, Mganda na shemeji aliyeoa kutoka ng'ambo ya mpaka, na wote wanakutana kwenye Kiswahili, kila mtu na cha kwake. Jumamosi iliyopita niliitwa kwenye mkutano mkuu wa chama cha akiba na mikopo. Mwenyekiti ni msomi, Kiingereza chake kimenyooka, ila ana ugonjwa mmoja. Haziishi dakika tano hajasema "as the old adage goes", yaani kama usemavyo usemi wa zamani. Nami nimesimama pembeni na maikrofoni, kila akiitaja hiyo "adage" natoa "wahenga walisema".

Ya kwanza ilikwenda vizuri. Alikuwa anahimiza akiba ya kidogo kidogo, nikasema "wahenga walisema, haba na haba", ukumbi mzima ukanijibu "hujaza kibaba!" Kichwa kikavimba. Ya pili ilikuwa ya muda na fedha, nikasema "wakati ni mali", ikapita. Ya tatu akaleta ile ya kwamba ukishindwa kupanga umepanga kushindwa. Nikaitoa hivyohivyo, wahenga mbele. Kimya. Ya nne, akieleza kwa nini chama kikate bima, akasema jambo lolote linaloweza kuharibika litaharibika tu. Nami kwa mazoea nikaanza: "Wahenga walisema..."

Sikumaliza. Mama mmoja muuza mukene (dagaa), mtu mzima anayeheshimika sokoni, akainua mkono akauliza: "Mwanangu, hao wahenga wako walikuwa na ofisi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mwenyekiti hakuelewa kinachochekwa, akanigeukia nimweleze. Nikamwambia wamefurahia hotuba.

Sasa nauliza. Kamusi nilizofungua zinaniambia "adage" ni methali, au methali na msemo kwa pamoja, basi. Hivi kweli ni methali? Na kama sivyo, mkalimani mwenye sekunde mbili mkononi aseme nini?

Mwalimu wa Arua

Pole ndugu yangu, ila huyo mama mpelekee soda.

Nafundisha Kiswahili sekondari huku West Nile, na kosa lako nalikuta kwenye insha kila muhula. Methali ya Kiswahili inajulikana kwa umbo hata kabla hujaijua maana. Mara nyingi ina vipande viwili, cha kwanza kinatega, cha pili kinategua: "Mchumia juani / hulia kivulini." "Mtaka cha mvunguni / sharti ainame." Maneno yamepunguzwa mpaka mfupa. Hakuna "mtu ambaye anataka kitu ambacho kiko chini ya kitanda". Kitenzi mara nyingi kinakaa kwenye "hu-", hakina jana wala kesho. Na sauti zinaitana: haraka na baraka, haba na kibaba.

Chukua sasa "kushindwa kupanga ni kupanga kushindwa". Kwa Kiingereza neno ni moja limegeuzwa kichwa chini, linachekesha kidogo. Kwetu "kushindwa" kuna mechi ndani yake, kuna mtu amefungwa mabao. Msikilizaji anasikia umepanga kufungwa. Ndiyo maana walinyamaza, walikuwa bado wanatafuta timu.

Tena una bahati hukutafuta methali ya kwetu yenye neno "mipango", kwa sababu iliyopo ni "mipango si matumizi", na hiyo kwenye mkutano wa chama cha mikopo ingezua kesi.

Chapchap Kampala

Mnajisumbua bure. Kamusi imesema methali, ni methali. Waingereza wenyewe hawatofautishi "adage" na "proverb" na "saying", wanachukua lililo karibu na mkono. Sasa sisi tuwe Waingereza kuliko Waingereza?

Mhariri Mstaafu

Chapchap, mwanangu, wanatofautisha, ila kwa uvivu. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya kusahihisha habari za Kiingereza hapa Kampala, na hiyo "old adage" nimeifuta mara nyingi kuliko nilivyofuta koma.

"Adage" ni neno la Kilatini, *adagium*, lililopitia Ufaransa likaingia Kiingereza katika karne ya 16. Ndani yake kuna kitenzi cha kusema. "Proverb" nalo ni la Kilatini, lakini lilitangulia kufika kwa zaidi ya miaka 200. Kwa hiyo mgeni alikuta mwenyeji ameshakalia kiti, naye akapewa kiti cha pembeni chenye heshima: la vitabuni, la hotuba, la mtu anayetaka kuonekana amesoma. Mwenyekiti wako hakulichagua kwa bahati mbaya.

Aliyelipa umaarufu neno hilo Ulaya ni msomi Erasmus wa Rotterdam. Mwaka 1500 alichapisha Paris mkusanyo wa semi za Kigiriki na Kilatini, zikiwa kama 800 hivi. Mwaka 1508, akiwa Venice, zikawa zaidi ya 3,000. Alipofariki mwaka 1536 zilikuwa zimepita 4,000. Kila usemi aliueleza: nani aliutumia, wapi, kwa maana gani. Mmoja aliouandikia insha ndefu kabisa ni *festina lente*, yaani harakisha polepole. Muuza mukene wa Busia angeuelewa bila mkalimani.

Ila watu waliotuachia neno hilo hawakulifungia kwa wahenga peke yao. Siku hizi Waingereza na Wamarekani huita "adage" hata kauli ya juzi yenye mwenyewe anayejulikana, mradi imezoeleka na watu wanaiona ina ukweli. Ile ya nne iliyokuponza inaitwa sheria ya Murphy, kwa jina la Edward Murphy, mhandisi aliyefanya kazi na jeshi la anga la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940. Kuna nyingine ya Parkinson, aliyeandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliopewa. (Aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja anaijua hiyo bila kusoma.) Zote mbili ni "adage" kwa Kiingereza. Kuziita methali za wahenga ni kumpa Murphy ukoo asiokuwa nao.

Kwa hiyo yule mama aliuliza sawasawa. Wahenga wa sheria ya Murphy walikuwa na ofisi. Walikuwa hata na uwanja wa ndege.

Na hiyo "old" iacheni. Wakali wa Kiingereza huikataa kwa kuwa "adage" tayari ina uzee ndani yake, ni sawa na kusema "wahenga wa zamani". Wengine huitetea, wanasema imeshazoeleka mno. Mimi niko na wakali, umri umenifikisha huko.

Chapchap Kampala

Mzee wangu, shikamoo. Uwanja wa ndege umenimaliza.

Swali dogo: linatamkwaje? Mimi nimekuwa nikisema "adeji", mkazo kwenye "de".

Mhariri Mstaafu

Marahaba. Mkazo uko mwanzoni, na mwisho ni kama wa "village": ADiji. Lipo pia jingine la muziki na la wachezaji wa ballet, la mwendo wa taratibu, ambalo kwa Kiingereza huweza kuandikwa hivyohivyo. Hilo asili yake ni Italia na halina undugu na hili. Usilitumie kwenye mkutano wa bima.

Mtoto wa Masaka

Naingilia kwa upande wa Luganda, kwa sababu naona mnahangaika na kamusi ya Kiingereza wakati jirani yupo.

Kwetu neno ni *olugero*, wingi *engero*. Hilo hilo linabeba methali na hadithi za jioni. Vitendawili vina jina lao, *ebikokyo*. Mzungu akikuuliza "olugero" ni nini kwa Kiingereza, utampa maneno mawili matatu na bado hutamaliza. Kwa hiyo kutolingana huku si aibu ya Kiswahili, kila lugha ina makabati yake.

Lakini lile la vipande viwili alilosema Mwalimu, sisi tunalo kwa nguvu zaidi. Nenda kwanjula yoyote, ile sherehe ya kumtambulisha mume kwa wazazi wa mke. Msemaji wa upande wa mume anasimama, anasema nusu ya kwanza: "Kamukamu..." na watu waliokaa kwenye mahema wanajibu: "...gwe muganda!" Kimoja kimoja ndiyo fungu. Haba na haba yenu hiyo, imevaa kanzu. (Na ndiyo, *muganda* hapo ni mzigo uliofungwa, fungu la kuni. Mimi Muganda niko pembeni nacheka.) Msemaji akitoa nusu ya kwanza halafu watu wasijibu, anajua amepotea. Anaweza hata kutozwa faini ya utani.

Mkalimani, wewe ulipewa jibu kwenye ya kwanza, ukanyimwa kwenye ya tatu. Kipimo ulikuwa nacho ukumbini.

Mwalimu wa Arua

Hapo Masaka umegusa penyewe. Na ajabu ni kwamba Shakespeare naye alitegemea kitu hicho hicho. Katika tamthilia yake ya Macbeth, mke anamsuta mumewe kwa kutaka ufalme na kuogopa kuutwaa, anamwambia yuko kama yule paka maskini wa kwenye "adage". Hasemi paka alifanya nini. Hana haja. Waliokuwa ukumbini walishamjua: paka anayetamani samaki lakini hataki kulowesha miguu. Nusu ikasemwa jukwaani, nusu wakaimaliza wenyewe vichwani.

Leo mwanafunzi wangu akifika hapo anauliza "paka yupi?", na lazima nimwelezee, na nikishaeleza utamu umekwisha. Nikamwambia siku moja: mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu paka hataki kuinama. Akaelewa papo hapo.

Bibi wa Bombo

Wajukuu zangu, mnaandika marefu. Mimi ni Mnubi wa Bombo, nimeuza kanga tangu wengine wenu hamjazaliwa, mzigo unatoka Mombasa.

Hilo neno methali lenyewe ni la Kiarabu, *mathal*. Wakristo wanalo kwenye Biblia yao, kitabu cha Mithali. Hivyo msilikumbatie kama mmelizaa nyinyi.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kanga ina maandishi, na maandishi yale tunayaita jina la kanga. Mteja anauliza "hii inaitwaje?", hasemi "ina methali gani?" Kwa sababu nyingine ni methali kweli, nyingine ni dua, nyingine ni kijembe cha mke mwenza mtupu. Yote yanakaa kitambaa kimoja, na mwanamke anajua lipi la kumpa mama mkwe na lipi la kupitia nalo mbele ya nyumba ya jirani. Ukinunua bila kusoma utajuta. Nimewahi kuona kanga ya kijembe imeletwa kama zawadi ya arobaini ya mtoto, na aliyeileta hakuwa na ubaya wowote, hakusoma tu.

Huyo mwenyekiti wenu anafanya hivyo hivyo na "adage" yake. Ananunua kwa rangi.

Mkalimani wa Mpakani

Bibi, shikamoo. "Ananunua kwa rangi" naiba, nisamehe mapema.

Nimekumbuka jingine linalonitesa, la semina za miradi. Mwezeshaji anakuja kutoka Kampala au mbali zaidi, anafungua kwa "kuna methali ya Kiafrika isemayo: ukitaka kwenda haraka nenda peke yako, ukitaka kwenda mbali nenda na wenzako." Nimeitafsiri siwezi kuhesabu mara ngapi. Hakuna siku watu wamejibu. Wanapiga makofi kwa adabu, kwa sababu chakula kiko nyuma.

Mtoto wa Masaka

Hiyo! Afrika ina lugha zaidi ya 1,000. Methali ya Kiafrika ni ya lugha ipi? Kama ni ya Luganda nipe kwa Luganda. Ninayoijua mimi ya kushirikiana ni "Agali awamu ge galuma ennyama", yaani meno yaliyo pamoja ndiyo yanayotafuna nyama. Ya kwenda polepole ni "Akwata empola atuuka wala", aendaye taratibu hufika mbali. Hiyo ya mwezeshaji imechanganya mbili, na imeongeza adabu za semina.

Mhariri Mstaafu

Ukimwona mtu anasema "methali ya Kiafrika" bila kutaja lugha, mwulize maneno yenyewe. Mimi nilikuwa nawauliza waandishi wangu. Wengi walirudi na "kama wasemavyo watu", nami nikairuhusu, kwa sababu hiyo angalau ni kweli: watu wanasema.

Chapchap Kampala

Sawa, nimeshindwa upande mmoja, lakini upande wa pili sijaachia. Nijibuni hili.

Mkalimani anasema "wakati ni mali" ilipita bila shida. Lakini mimi nimewahi kusoma kwamba Benjamin Franklin aliiandika mwaka 1748 akiwaasa vijana wa biashara. Mmarekani, mchapaji, mwenye ofisi kabisa! Mbona huyo mama hakuinua mkono?

Na hii ya maduka yetu, "biashara asubuhi, jioni mahesabu". Ina vipande viwili, imepunguzwa mpaka mfupa, ina mizani. Kila mwenye duka anaijua, ukisema nusu anamaliza. Wahenga hawakuisema, wameisema watu wa dukani. Ni methali au si methali? Hata "haba na haba" iliwahi kuwa na siku yake ya kwanza, kuna mtu aliitamka na mwenzake akamwangalia.

Mwalimu wa Arua

Hapo umenibana, nakiri.

Nadhani "wakati ni mali" ilipita kwa sababu imeshakaa kwetu siku nyingi, iko kwenye madaftari ya shule, iko nyuma ya magari. Imepewa uraia. Hakuna anayemkumbuka Franklin akiisikia. Ile ya kupanga na kushindwa bado inatembea na pasi ya kusafiria.

Kuhusu "biashara asubuhi", darasani nitaiita msemo, kwa sababu mtihani unataka hivyo. Nikiwa nje ya darasa sioni ninachoweza kukukatalia.

Mtoto wa Masaka

Kwa hiyo ile ya kupanga tunaisemaje? Mimi najaribu: "Asiyejipangia hupangiwa."

Mwalimu wa Arua

Duh. Ina "hu-", ina vipande, cha kutega na cha kutegua kabisa. Mkalimani, chukua hiyo.

Bibi wa Bombo

Nzuri. Hata kanga inaweza kuibeba. Lakini usimtwishe mhenga, imezaliwa sasa hivi tunaiona.

Mkalimani wa Mpakani

Narudi na taarifa.

Leo asubuhi nimepita sokoni kwa makusudi nikamtafuta yule mama. Alikuwa anapepeta mukene, akaniona kwa mbali akaanza kucheka kabla sijafika. Nikamwamkia, nikamwambia ukweli: kwamba lile swali lake limenikosesha usingizi, limefika mpaka Arua na Masaka na Bombo, kuna mzee amelieleza tangu Roma. Akasema "kumbe!" akaendelea kupepeta.

Nikamuuliza: "Mama, sasa pale mwenyekiti aliposema lolote linaloweza kuharibika litaharibika, ungekuwa wewe ndiye mkalimani ungesemaje?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda nyumbani kwake.

"Kwani nani alisema?"

"Mwenyekiti."

"Basi sema Mwenyekiti amesema."

Nikanunua vikombe viwili. Akanitilia na nyongeza, akaniuliza kama bima yenyewe watakata au ilikuwa maneno tu.

Chapchap Kampala

Na watakata?

Mkalimani wa Mpakani

Kamati inakutana tarehe kumi na tano. Nimeitwa kutafsiri.